Mama Mzee na Binti wa Jenerali

Kanisa letu la South End, mjini Louisville, halikuwa na jengo. Tulikuwa Wakongo wa milima ya Kivu Kusini, wengi wetu wafanyakazi wa maghala, na Jumapili mchana tulisali katika kanisa la Wakorea, wao wakishamaliza ibada yao. Mmoja wao, mama mzee aliyesimamia jiko, alikuwa akiniachia bakuli la kabichi yao iliyochachushwa kwa pilipili, kwa sababu siku moja aliniona nikiila bila kukunja uso.

Jumapili moja ya baridi kali tulifika tukawakuta bado wamo ndani, wanagombana. Kikorea sijui hata neno, lakini ugomvi wa kanisani haufichiki. Wazee walikuwa upande mmoja, baadhi wameshika vibendera vya nchi yao. Vijana upande wa pili. Mama mzee alisimama kati ya viti akilia, na binti yake, aliyekuja kumtembelea kutoka Columbus, alikuwa akimfokea.

"Bon, tungojee inje," pasta wetu akasema. "Hii si yetu."

Tukangojea ndani ya magari. Baadaye yule binti akaja dirishani kwangu kuomba radhi, akanieleza. Rais wa Korea Kusini, mwanamke, alituhumiwa kwa ufisadi. Wiki baada ya wiki watu walijaa barabarani na mishumaa mikononi, wakimtaka aondoke. Wazee walimtetea, kwa kuwa baba yake alikuwa jenerali aliyetawala zamani.

"Alitawala vizuri?" nikauliza.

"Alifunga watu. Baba yangu mdogo alitoka gerezani hawezi tena kuandika kwa mkono wa kulia."

"Na mama yako anamlilia binti wa mtu huyo?"

"Ndiyo maana nimepiga kelele kanisani."

Nilichanganyikiwa. Nilijua mama mzee alizaliwa Korea Kaskazini, akavushwa wakati wa vita mgongoni mwa mama yake ili asikulie chini ya watawala wa kule. Mtu anamkimbiaje mtawala mmoja wa mabavu, kisha anampenda mwingine? Halafu nikamkumbuka baba yangu. Askari wa yule rais wetu wa zamani, wa kofia ya chui, walimnyang'anya ng'ombe, na bado, tukiwa katika kambi ya wakimbizi, alikuwa akisema, "Wakati wake mtu alilala usingizi."

Majira hayohayo muda wa rais wa Kongo ulikwisha, naye hakutoka. Vijana wa kwetu waliandamana wakapigwa risasi. Nilizisoma habari zote mbili kwenye simu, wakati wa mapumziko kazini, nisijue niwaonee Wakorea wivu au nimwonee mama yule huruma.

Wakorea wakagawanyika, wengine wakahamia jengo jingine. Mama mzee hakufuata upande wowote. Binti yake akamchukua Columbus.

Baridi ilipoanza kupungua nilisafiri kwenda kwa kaka yangu Buffalo, nikapitia kwao. Wiki hiyo mahakama ilikuwa imemwondoa yule rais wa Korea. Binti alinikumbatia mlangoni kama vile nami nilikuwa barabarani na mshumaa.

"Bila risasi hata moja! Umeona?"

Mama mzee alikuwa jikoni anamenya vitunguu saumu.

"Kwenu rais anatokaje, binti?" akaniuliza.

"Kwa bunduki, Mama. Au hatoki."

Akatikisa kichwa. "Huyu ametoka. Ni vizuri."

"Lakini ulilia!"

"Baba yake alitushibisha. Kabla yake tulichemsha magome ya miti." Akashusha sauti. "Najua alivyomfanyia shemeji yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea chakula gerezani."

Akaendelea kumenya, kisha akaniambia ana kaka aliyebaki Kaskazini na babu yao. Mtawala wa kule alipokufa, televisheni ilionyesha watu wakilia barabarani na kujipiga vifua.

"Binti yangu alicheka, akasema wanaigiza. Mimi nilisogea karibu nikamtafuta kaka."

"Ulimwona?"

"Nisingemtambua. Na kama alikuwepo, sijui kama alikuwa akiigiza."

Usiku ule Buffalo, nyumbani kwa kaka karibu na Grant Street, nilisimulia yote tukila ugali na sombe, kisamvu cha kwetu. Watoto waliuliza kwa Kiingereza ni Korea ipi iliyo mbaya. Kaka alinisikiliza hadi mwisho.

"Donc, ule mama iko upande gani?"

Nikaanza kueleza upya, nikakwama katikati. Akanionea huruma, akageukia mambo ya kwetu. Alimlaani rais wetu, kura zisizopigwa, vijana waliouawa. Kisha akapumua, akasema, "Mais angalau huyu tunamujua. Wakimutoa, nani atakuja?"

Mke wake akaweka sahani chini. "Angalau nini?"

Kaka akanitazama nimsaidie. Nikamega tonge jingine, nikasikiliza wakianza kubishana.