Majoho ya Uji wa Muhogo

Juzi mjukuu wangu, yule wa darasa la pili, karudi kutoka shule hapa Pasiansi, Mwanza, na agizo kwamba kesho aende na unga. Mama yake akamuuliza unga wa nini, wa uji wa shule? Mtoto akasema hapana, wa kuchorea kitambaa. Mwalimu kasema watatengeneza batiki bila nta, wanatumia unga. Mkwe wangu akashika kiuno. "Wa kula hautoshi, wewe unataka wa kuchorea!" Mimi nilikuwa barazani nachambua dagaa, nikacheka mpaka kikohozi kikanishika, wakaniletea maji. Nikawaona wanatazamana, wanafikiri uzee umeshapanda kichwani. Sikuwaeleza. Nakueleza wewe, maana wewe una muda.

Utotoni nilikuwa naishi na bibi yangu mzaa mama, karibu na ziwa, upande ule wa mawe makubwa yaliyopandana. Nyumba yetu ilikuwa na kuta tatu tu. Ukuta wa nne ulikuwa jiwe. Mchana jiwe linakunywa jua, usiku linatoa joto, na mimi nalala mgongo umeliegemea kama mtoto wa paka. Mpaka leo sijapata kitanda cha kufanana na kile, na watoto wangu wameninunulia godoro la bei. Asubuhi unaamshwa na akina mama wakimwaga dagaa juu ya mawe, shaaa, unadhani mvua. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji, kuosha vyombo, na kufukuza kunguru kwenye dagaa. Kunguru wa Mwanza ana dharau sana. Unamrushia jiwe, anasogea kidogo, anakutazama kama anakuuliza umemaliza?

Tuwaache kunguru. Nilikuwa nataka kusema juu ya kwaya.

Kanisani tulikuwa na kwaya ya watoto, na mwalimu wetu wa kwaya alikuwa mtu mwembamba mwenye filimbi shingoni, kama refa. Siku moja akaipuliza, tukanyamaza, akasema tumealikwa Sengerema kuimba na kwaya nyingine, na tutavuka kwa kivuko. Kabla hatujamaliza kushangilia akapuliza tena. "Asiye na joho havuki. Siendi ng'ambo na watoto waliovaa kila mtu la kwake, kama wametoka kwenye ajali."

Sasa nielewe hapo. Mimi kile kivuko nilikuwa nakiona kila siku ya maisha yangu. Kinapita pale mbele, nasimama juu ya jiwe nawapungia watu, na wao wananipungia. Sikuwahi kukanyaga ndani. Nilichokuwa nataka duniani kilikuwa kimoja tu, na mimi siku moja niwe kule ndani, nipunge mkono kuja huku.

Kitambaa cheupe cha marekani kanisa lilitununulia, kila mtoto kipande chake. Lakini kwaya ya wakubwa walikuwa na majoho ya batiki, na sisi tukataka batiki. Mwenye batiki mtaani alikuwa jirani yetu, mama mmoja mnene, mcheshi, aliyekuwa akitengeneza na kuuza sokoni. Mikono yake ilikuwa ya bluu mpaka kwenye viwiko, mwaka mzima. Akikupa chapati, unaigeuza kwanza kuangalia chini. Mwalimu akaenda kumwomba. Jirani akasema nta hakuna, miaka ile hata mshumaa wa kuwashia ndani ulikuwa wa kutafuta kwa kujuana. "Na hata ingekuwepo, mwalimu. Nta inayochemka na watoto hawa? Unataka nife gerezani?" Akafikiri, akasema tutatumia uji wa muhogo. Nta kazi yake ni kuzuia rangi isipite. Uji ukikauka juu ya kitambaa nao unazuia. Paka rangi, ngoja ishike, ondoa uji, na pale ulipochora panabaki peupe.

Bibi yangu aliposikia alitoka nje na mwiko mkononi. "Unga wa watu mnakwenda kukipaka kitambaa! Kitambaa kinashiba?"

"Mayu, kidogo tu," jirani akamwambia, akimwita mama kwa Kisukuma ili kumlainisha.

"Kidogo hicho hicho ndicho chakula cha jioni." Lakini alitoa. Alikuwa mtu wa kelele kwanza, kutoa baadaye.

Somo lilifanyika uani kwa jirani. Akatufundisha kuchekecha unga mpaka uwe kama poda ya mtoto, kukoroga na maji baridi kusibaki donge, kupika moto mdogo huku unakoroga mpaka uwe mzito na uanze kung'aa. Kisha akaepua, akasema, "Acheni upoe," akaingia ndani kutafuta rangi.

Rafiki yangu, usimwambie mtoto mwenye njaa uji uache upoe halafu ukaondoka. Mtoto wa fundi baiskeli akatia kidole. "Umeshapoa," akasema, kama daktari. Mwingine akasema labda upande wa kwake haujapoa, ngoja nijaribu. Jirani alipotoka, sufuria ilikuwa inang'aa.

"Batiki yangu iko wapi?"

"Tumeionja, mama."

"Mmeionja mpaka sufuria haihitaji kuoshwa?"

Akapika tena, na safari hii akakamulia humo majani ya mwarobaini na kutia shabu, ile ya kutulizia maji. Hakutuambia. Alikaa tu kwenye kigoda akikunja mikono yake ya bluu, akamtazama mtoto wa fundi baiskeli. Mtoto akatia kidole. Ule uso aliokunja ninauona mpaka leo, nikiwa na huzuni naukumbuka huo.

Basi tukachora. Jirani alitutilia uji kwenye mifuko ya nailoni, akakata pembe kidogo, unaminya unatoka kama mkia wa panya. Wengine walichora kwa kijiti na unyoya wa kuku. Mmoja alichora jogoo, ukimwangalia ni dumu la mafuta. Mtoto wa fundi baiskeli alichora baiskeli, hakujua kitu kingine. Mimi nilichora kivuko kizima, abiria pande zote mbili, kila abiria mkono juu. Kando yake nikaweka samaki.

Tukaanika kwenye mawe, kando ya dagaa. Kunguru alikuja akadonoa, akaonja mwarobaini, akaondoka anajifuta mdomo. Lakini mbuzi! Mbuzi hajui uchungu, rafiki yangu, mbuzi kwake mwarobaini ni mboga. Nilikwenda kunywa maji tu, narudi namkuta mbuzi wa mtu amelamba upande mmoja wa kivuko changu, abiria wote wa kushoto wamekwenda. Nililia. Jirani akasema, "Nyamaza, wamefika, wameshuka." Tukapaka rangi ya bluu kwa brashi ya katani, polepole, bila kusugua, tukaviacha vitambaa kivulini.

Siku ile ile jirani akapata habari ya msiba Misungwi. Akiwa na kifurushi mkononi, akatugeukia sisi watoto: "Rangi ikishika, maji ya baridi. Loweka, kisha kwangua na kijiko. Maji ya moto, hapana. Mmenisikia?" Tukasema tumesikia. Akaondoka.

Hapa inabidi nikueleze habari ya wanga, usipoijua hutamwelewa bibi. Zamani nguo ya heshima ilikuwa ngumu. Shati la Jumapili linachovywa kwenye uji mwepesi wa muhogo, linakaushwa, linapigwa pasi ya mkaa mpaka kola inaweza kukata nyanya. Na mtaa mzima hakuna aliyemfikia bibi yangu kwa kazi hiyo. Wanaume waliooa waliwaacha wake zao nyumbani na kuleta mashati kwake. Sasa vile vitambaa vililetwa kwake avishone kwa cherehani yake ya mkono, tundu la kichwa na mikono, liwe joho. Akakishika cha kwanza. Akakigonga kwa kidole, ko, ko. Nikamwona uso unachanua.

"Kumbe! Huyu mwanamke ana akili. Katia wanga na batiki kwa mpigo mmoja."

"Bibi, mama jirani kasema tuloweke kwanza, tukwangue."

"Nilikwangue ili iweje? Lilegee?"

"Kasema maji ya baridi, bibi."

"Yeye anajua rangi. Nguo ngumu najua mimi."

Sindano zilikatika, akabadilisha. Akawasha pasi, mkaa umekolea mpaka inatema cheche, akakandamiza. Nyumba ikanukia ukoko wa ugali. Alipomaliza aliyasimamisha yale majoho ukutani, kwenye jiwe. Hakuyatundika, nasema aliyasimamisha. Yalijisimamia yenyewe, mstari mzima, kama watu waliokatwa vichwa.

Asubuhi ya safari tukavaa. Mikono haishuki, tulitembea imetanuka kama tunafukuza bata. Kukaa haiwezekani. Tukipiga hatua tunalia kwacha, kwacha, mbwa wa mtaani wakatufuata. Na michoro haionekani hata mmoja, ni bluu tu na magamba ya kahawia yaliyoungua. Gatini mtoto wa fundi baiskeli akajikwaa, akaanguka chali, akashindwa kuinuka. Tukamsimamisha kama mlango.

Mwalimu wa kwaya alikuja kutoka kukata tiketi, akatuona. Akapeleka filimbi mdomoni, haikulia.

"Hawa ni waimbaji au magunia ya makopa ya muhogo?" Akazunguka nyuma yetu, akarudi mbele. "Hapana. Hamvuki. Siwezi kuwapeleka watu hawa mbele za watu. Rudini nyumbani."

Kivuko kilikuwa kimeshafungua mdomo, magari yanaingia. Bibi alikuwa amesimama pembeni na kikapu chake cha viazi vya safari, kakikumbatia kwa mikono miwili. Mimi machozi yakaanza. Yakateremka shingoni, na kola ya joho ikaanza kulainika, ikawa utelezi.

Ndipo lori la kutoka Misungwi likasimama na jirani akashuka, kanga ya msiba bado kichwani. Alitutazama mmoja mmoja.

"Nani kapiga pasi uji wangu?"

Wote tukamwangalia bibi. Jirani akamwona. Akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, mayu."

"Marahaba," bibi akajibu, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

"Haya, watoto wote ziwani!"

Tukakimbia, yaani tukakwacha, mpaka majini. Kichocho nani alikijua? Jirani akawaomba akina mama wa samaki vijiko, visu vya magamba, makombe ya ziwani, chochote kisichokata sana, na wale akina mama, waliokuwa wanatucheka tangu tufike, wakapandisha kanga zao wakaingia nasi. Kila mtoto na mama wake wa kumkwangua. Uji ukaanza kutoka kama tope. Samaki wadogo wakaja mbio kula, wakaonja mwarobaini, wakatawanyika. Kivuko kikapiga honi ya kwanza. Mwalimu yuko juu ya gati anapiga kelele, "Upesi! Upesi!", kasahau kwamba alisema hatuvuki.

Nyuma yangu nikasikia mtu anahema. Bibi. Mwanamke ambaye ziwa alilitumia mpaka kwenye kifundo cha mguu, amesimama na maji magotini, gauni limelowa, ananikwangua mgongo kwa kijiko cha mboga. Alikwangua muda mrefu. Kisha kijiko kikasimama.

"Kumbe kuna samaki humu ndani," akasema.

Nikageuza shingo. Mistari myeupe ilikuwa inatoka, na palipokuwa na nyufa za uji rangi imepita nyembamba kama mishipa ya jani. Kila mtoto akawa anapiga kelele ameona chake. Jogoo bado alikuwa dumu la mafuta, lakini dumu zuri! "Na rangi imekaa," jirani akasema, akiikamua kona ya joho langu. "Pasi imeikaza. Mayu, umenisaidia." Sijui kama ilikuwa kweli au aliyasema ya kumponya mtu. Bibi akainua kidevu kidogo. "Nilijua," akasema.

Honi ya pili ikatukuta mlangoni mwa kivuko, tunachuruzika. Upepo wa ziwa ulitukausha huku unatuua kwa baridi. Nilisimama kwenye ukingo, na kifuani kwangu kivuko cheupe chenye abiria upande mmoja tu, nikapunga mkono kuelekea nchi kavu. Pale majini bibi akapunga kijiko.

Sengerema tuliimba meno yanagongana. Mgeni wa heshima aliposimama alisema kwaya hii ya Mwanza ina sauti za mtetemo adimu sana, mwalimu wetu apongezwe. Mwalimu akainama kupokea, na viatu vyake bado vina maji tuliyomchuruzikia.

Bibi ameshalala siku nyingi, na wanga wake ukaenda naye. Siku hizi ukimpigia kijana shati pasi likawa gumu anakuuliza umeliharibu na nini. Jirani alihamia kwa watoto wake, sikusikia tena. Yale mawe yetu sasa yana ukuta na geti, ukitaka kuyaona unaagiza soda. Joho langu lilizaa nepi za mdogo wangu, nepi zikazaa matambara ya kufutia taa.

Na kule upande wa Misungwi limejengwa daraja, refu hujaona. Kijana wangu akanichukua kwa gari, twende ng'ambo kusalimia. Nikavaa vizuri, nikakaa dirishani, nikajiandaa kupunga mkono. Tumekwenda, tumekwenda, anaongea na simu yake, mimi nangoja honi. Mwisho nikamwuliza, tunavuka saa ngapi?

"Mama, tumeshavuka."

"Lini?"

Akacheka, akaongeza mwendo.