Binti wa Angani na Binti Yangu

Watu wanaotengeneza tamthilia za angani wana roho mbaya, nasema waziwazi. Wakiishiwa vituko, wanachukua mtoto, wanamfungia kwenye chombo, hewa inaisha taratibu na muziki unalia. Mwaka juzi walimchukua binti wa miaka kama kumi wakamwacha peke yake katikati ya nyota. Binti yangu mwenye miaka kumi na moja akampenda utadhani ni pacha wake.

Alikuwa na sababu. Wangu naye hewa ilikuwa haimtoshi. Alizaliwa na tundu kwenye moyo, tukachelewa kulijua. Akitoka kitandani kwenda mlangoni tu, midomo inamgeuka zambarau. Daktari alishaniita pembeni akaniambia mapafu yameharibika, operesheni haifai tena. Mimi nikarudi nyumbani nikamwambia mtoto atapasuliwa Dar akipata nguvu. Nilimdanganya mchana kweupe, na kwa alivyofurahi nikazidi kudanganya.

Shule alikuwa ameshaacha. Basi kila nikitoka kufua nguo za watu Raskazone, napitia duka la muvi mtaani kwetu Usagara, nawekewa sehemu mpya ya tamthilia ile kwenye flashi, tunaangalia pamoja. Anayeitafsiri kwa Kiswahili ndiye mwenye duka, mwalimu mstaafu, anasema sauti zote peke yake, za wakubwa na za watoto. Na vijembe vyake! Kepteni akipotea njia, tunamsikia mwalimu, "Huyu hata Muheza hapo hafiki." Viumbe wa sayari nyingine aliwapa lafudhi ya Kibondei, kama watu wa Muheza. Binti yangu akacheka mpaka nikamkataza, maana kicheko kilimkata pumzi.

Sehemu ya saba ilipoisha hewa ya yule binti imebaki kidogo, wangu akaacha kucheka. "Mama, atapona?" Kila saa swali ni hilo hilo. Kesho yake nikaenda dukani.

"Shikamoo, mwalimu. Yule binti wa angani, mwisho wake nini?"

"Marahaba. Anakufa, mwanangu. Sehemu ya nane."

Nikamweleza hali ya mwanangu, yote, hata aliyosema daktari. Nikamwomba amponye yule binti. Si sauti ni yake? Kiingereza nani anakijua kwangu? Akakuna kichwa, akasema picha haifichiki, mtoto anaonekana kafumba macho ndani ya sanduku la kioo na mama yake, aliyechelewa kumfikia, analia, ila atajitahidi.

Masikini, alijitahidi. Siku sehemu ya nane ilipotoka, tulikaa mkekani baada ya alasiri, amenilalia begani. Mama wa kwenye chombo akaanguka juu ya kioo, na mwalimu kwa sauti ya upole akasema, "Msilie, jamani. Binti amepumzika. Safari bado ndefu, ataamka huko mbele."

Nikapiga makofi, mjinga mimi. "Umeona? Amepumzika! Anakusanya nguvu!"

Binti yangu hakunitazama. Amelazwa wodini mara nyingi, anajua manesi wanamwambia nini mama wa kitanda cha jirani kabla ya kuvuta pazia.

"Amekufa, mama," akasema. "Kupumzika ndiko huko."

"Mwalimu kakosea neno tu."

"Hajakosea. Wewe ndiye uliyemwambia aseme uongo." Akavuta pumzi. "Na mimi Dar siendi, eti?"

Uongo mwingine nilikuwa nao tayari, mtamu kuliko wa kwanza, na wallahi niliufungulia mdomo. Ukakwama. Nilijichukia kwa miezi yote ile niliyomwacha ahangaike na swali hili peke yake, akitafuta jibu lake kwenye televisheni.

"Huendi, mama," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu mzima. Hakulia, mimi ndiye niliyelia. Akanifuta machozi kwa pindo la kanga yangu, akaniuliza, "Kufa kunauma?"

Nikamwambia sijui.