Kikapu Kilichoishia Biharamulo

Iko siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na leo nitakusimulia, maana kesho unapanda basi na sitakuwa karibu kukusumbua. Acha kwanza hilo begi. Nguo hazitakimbia.

Nilikuwa msichana, kwetu Kibimba, Ngara. Muuguzi mmoja wa Kiitaliano aliyewahi kufanya kazi hospitali ya kwetu alikuwa amerudi kwao, akaniandikia niende nikakae na mama yake mzee, nimsaidie nyumbani. Kijiji kizima kilisema lake. Mama yangu hakusema sana. Alikaa majuma matatu akisuka igiseke, kile kikapu kidogo chenye kifuniko kirefu ambacho bado unakiona kwenye harusi zetu. Akakijaza unga wa ulezi aliousaga mwenyewe kwa jiwe, akaniambia, "Mpe mwenye nyumba mkononi. Mwambie mimi ndiye mama yako."

Unajua desturi, au labda hujui, maana siku hizi mnapelekeana soda. Kikapu hakirudi kitupu. Anayekipokea hutoa kilichomo, akaweka cha kwake, hata kama ni chumvi tu, akakirudisha. Hapo nyumba mbili zimekuwa ndugu. Akikaa nacho, basi amekwisha kukujibu kwamba hataki ujamaa na wewe.

Siku ya safari, tulipofika stendi ya Biharamulo, basi lilisimama ili watu wale. Walikuwapo wasichana wawili wenye viatu vya visigino na mabegi ya ngozi. Mmoja akaniuliza naenda wapi na hicho kikapu. Nikasema Italia, tena kwa kujidai. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Dada, unawapelekea Wazungu uji?"

Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kijinga ya mtu anayetaka kufanana na watu asiowajua. Nikamfuata mama mmoja aliyekuwa akiuza chai, nikampa kikapu pamoja na unga wake. Alinishukuru sana, akaniombea kwa Mungu. Nikarudi kwenye basi mikono mitupu, nikajiona nimetua mzigo.

Nilipofika Italia, yule mama mzee wa muuguzi aliitwa Rosina. Nilimpenda tangu siku ya kwanza. Kila Jumapili alimwaga unga wa ngano juu ya meza ya mbao, akachimba shimo katikati, akavunja mayai humo, akakanda kwa mikono ambayo vidole vyake vilikwisha kupinda. Wanawe na wajukuu walikuja wote, na ole wake ambaye angekosa. Kisu cha kukatia tambi kilikuwa cha mama yake, mchuzi wa nyanya ulikuwa wa mama yake, na alitukumbusha hayo kila Jumapili kana kwamba hatujapata kusikia. Sikukuu za kanisani alivaa shali nyeusi aliyoolewa nayo bibi yake. Safari moja alinipandisha treni kutwa nzima, ili tu anioneshe tanuri ya mikate kijijini alikozaliwa. Tanuri yenyewe ilikuwa imebomoka. Alisimama mbele yake akalia, kisha akajifuta machozi, akaninyooshea kola ya gauni. Gauni lile alinishonea mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani, kama unavyotaka kuwa wewe.

Jumapili moja, nilipokuwa nimekwisha kujua lugha yao kiasi, aliniuliza, "Na kwenu, mama yako hupika nini? Alikupa nini uniletee?"

Nikamjibu, "Kwetu hatuna kitu."

Akaweka kisu mezani. "Hakuna mama anayemtuma mwanawe ugenini mikono mitupu," alisema. "Kama hutaki kuniambia, sema hutaki. Lakini usimfanye mama yako kuwa si kitu, tena mezani kwangu."

Ningesema kweli siku ile, angenigomba kidogo, tungeandika barua, ingekwisha. Badala yake niliendelea kumenya nyanya.

Nilirudi baada ya miaka minne, na sanduku limejaa nguo, natembea kwa madaha. Nikampigia mama magoti, "Shikamoo, mama." Akaitikia. Akatazama sanduku, halafu mikono yangu. "Kikapu changu kiko wapi?"

Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Kukigawa stendi ulikuwa utoto. Lakini nilimtazama mama yangu usoni nikasema, "Yule bibi alikipenda mno, mama. Akakaa nacho."

Nilikuwa nimekaa ugenini mpaka nikasahau uzito wa maneno hayo. Nilidhani namsifia kazi yake ya mikono.

"Hakutia hata chumvi?" aliuliza.

"Hapana."

Akaingia jikoni, na hakuniuliza tena.

Baada ya muda ikaja barua. Rosina alitaka kuja Ngara, akiwa bado na nguvu za kusafiri, amwone mama aliyenizaa. Nilimsomea mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Aje kufanya nini? Alikwisha kunijibu." Ningeweza kufungua mdomo hata siku ile. Badala yake niliandika kwamba mama anaumwa, asubiri kwanza. Mwaka haukuisha, Rosina akafariki.

Mama aliishi miaka mingi baadaye. Katika ugonjwa wake wa mwisho, nikimnywesha uji wa ulezi, alinishika mkono. "Yule mwanamke wa Italia," alisema, "nilimkosea nini?"

Nikamwambia, "Hukumkosea kitu, mama." Ni kweli. Lakini haikuwa kweli yote, na hata pale sikumwambia. Akafa akiamini alidharauliwa na mtu aliyekuwa na hamu ya kumwona. Hilo linaniuma mpaka leo, na sitakudanganya kwamba limepungua.

Watu wa hapa Nyantakara wanasifia tambi zangu za Jumapili. Umekua ukizila, unaujua mchuzi wa Rosina kuliko uji wa mama yangu. Sijutii kuutunza urithi wa yule bibi. Najuta kwamba niliwanyima wale wanawake wawili kula meza moja.

Sasa wajukuu wa Rosina wamekuita ukakae kwao usomee ushonaji. Chukua hiki kikapu. Nimekisuka mwenyewe, shangazi yangu alinifundisha nikiwa tayari na mvi, ndiyo maana kimepinda upande. Unga ni wa ulezi. Usikifiche ndani ya begi. Kishike mapajani njia nzima, na atakayecheka acheke. Ukifika, wape mkononi, kisha uwaambie habari hii yote, pamoja na uongo wangu. Wakikufundisha chakula chao, jifunze kwa moyo, halafu nawe uwapikie cha kwenu. Na ukikosea, mwanangu, sema mapema, wakati atakayekusamehe bado yuko hai.

Nenda na baraka zangu. Mungu akutangulie njiani, akupe riziki na watu wema, akurudishe salama. Na siku utakaporudi, kabla hujaingia ndani, pita kwanza Kibimba kaburini kwa mama yangu. Fungua kifuniko, umwoneshe kilichomo.