Mafaili ya Radoslav

Kila asubuhi, Zdravka humsikia jirani yake akizungumza peke yake ng'ambo ya ukuta. Jirani huyo ni fundi wa programu huria ya kuandikia misimbo ya kompyuta, na tangu majira ya baridi anaing'oa sehemu ya programu hiyo iliyochakaa, ile inayosoma lugha za tovuti, na kuiandika upya, faili moja baada ya jingine. Vidole vyake vifupi hubonyeza, husita, hubonyeza tena. Sehemu hiyo iliandikwa na mwenzake Radoslav, aliyefariki miaka sita iliyopita, na kila faili lina neno lake la utani: "Hapa usiguse, bwana, pamenitoa jasho!" Naye fundi humjibu marehemu kwa sauti: "Nimeshagusa, ndugu yangu. Utanisamehe."

Jumanne Zdravka alimpelekea banitsa ya moto, andazi la jibini, akamkuta mikono ameiweka mapajani, kompyuta ikimuuliza kama kweli anataka kulifuta faili la mwisho.

"Si ubonyeze tu, jirani?"

"Nikibonyeza, sitakuwa na wa kumjibu."

Zdravka akavuta kiti. Wakaila banitsa mpaka sahani ikabaki tupu, ndipo fundi akabonyeza. Programu ikawaka bila kulalamika.

"Inakwenda mbio kuliko ya kwake," akasema polepole, kama mtu anayeomba radhi.