Besi ya Taa Nyekundu

Jumamosi niliingia duka la vyombo vya muziki hapa Machakos kununua betri za redio, nikakuta kwaya imegawanyika mbele ya kaunta. Mpiga besi, ambaye siku za kazi ni mwalimu, alitaka spika ya besi. Mwenyekiti wa kwaya, mama wa makamo mwenye kitambaa kichwani, alitaka taa za jukwaani kama za kwaya ya Mumbuni. Pesa zilitosha kitu kimoja tu.

"Mwaitu, mama yangu, sikiliza kwanza," mwalimu alimsihi, akachomeka gitaa kwenye spika na kupiga. Vioo vya kabati vilitetemeka.

"Sijasikia kitu."

"Besi ndiyo hiyo inakutikisa miguu!"

"Hiyo ni lori imepita nje."

Mwenye duka, asiyetaka kukosa mauzo yoyote, akawasha taa. Nyekundu, kijani, nyekundu. Mwalimu akaendelea kupiga.

"Eeh! Sasa nasikia!" Mwenyekiti akapiga makofi. "Iko tamu!"

Mwalimu akainua mikono yote miwili kutoka kwenye nyuzi. Taa ziliendelea kumetameta, na mwenyekiti akaendelea kutikisa kichwa kwa raha.

"Hapo hapo, mwanangu. Usibadilishe."

Taa zikafungwa kwenye katoni. Mwalimu akanigeukia. "Madam, wewe unaonekana umesoma. Kwani ulisikia nini?"

Nilikohoa. Nimezoea kuwacheka watu wanaosikiliza kwa macho, lakini mikono ile ilipoinuliwa, mguu wangu nao uliendelea kupiga sakafu, na hadi leo sijui ulikuwa unafuata nini.