Friji ya Shangazi na Maji ya Futari

Shangazi yangu alikuwa na kisukari, na dawa yake ya sindano haikutaka joto. Aliishi nje kidogo ya Ilongero, katika nyumba ya bati aliyoachiwa na marehemu mume wake, na nguzo za umeme zilikuwa zimeishia huko nyuma, upande wa Singida mjini. Chupa za dawa alizifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akazitia kwenye chungu alichokifukia nusu katika mchanga wenye maji, pembeni ya kitanda. Miezi ya baridi chungu kilimtosha. Oktoba moja hakikumtosha. Dawa iliharibika bila kuonyesha dalili yoyote, naye akaendelea kujichoma kila asubuhi akiamini anajitibu, mpaka jirani alipomkuta sakafuni hajitambui.

Alipotoka hospitali, mwanawe, yaani binamu yangu, alikuwa ameshaamua. Mama atahamia kwake mjini, kwenye friji na umeme. Shangazi alikaa huko kipindi chote cha mvua. Mavuno yalipokaribia akaaga kwamba anakwenda kuangalia uwele wake kwa siku mbili, akapanda gari la Ilongero, na hakurudi.

Binamu alinijia nikiwa karakana ninakofundisha ufundi umeme.

"Mtani wangu," alisema, "wewe unajua mambo ya jua na upepo. Nipangie mtambo wa nyumba ya mama. Nitampa mwaka mmoja. Mvua zikija friji ikizimika hata siku moja, namchukua, na safari hii simrudishi."

Nilikubali haraka, pengine haraka mno. Ilikuwa miaka ile ambapo maduka ya mjini, yaliyotupangisha foleni ya sabuni tulipokuwa vijana, yalikuwa yamejaa kila kitu. Paneli za jua zilisimamishwa mlangoni karibu na magodoro na baiskeli. Kila mtu alikuwa na ruksa ya kuleta anachotaka kutoka popote, na muuzaji mara nyingi hakujua zaidi yako. Nilikuwa nimesoma vitabu, nimefunga taa za jua kwenye nyumba mbili tatu, na nilikuwa nimetamani kwa muda mrefu kuunganisha jua na upepo pamoja. Singida ina upepo ambao kila mgeni huutaja kabla hajakaa kitini. Nilijiambia: jua likizama, upepo utashika zamu.

Agosti nikaenda Ilongero na daftari. Nilisimika miti mirefu mitatu, nikaifunga vipande vya khanga kuukuu juu yake, na kwa wiki mbili nikaandika vilivyokuwa vikifanya: vimelala, vinapepea, vimenyooka. Karibu kila siku vilinyooka. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu.

Kisha nikawakalisha shangazi na binamu barazani tuandike orodha. Hatua hii watu huipuuza, nami nawasihi wasiipuuze. Usianze na paneli ngapi. Anza na kitu gani kitatumia umeme, na kwa saa ngapi.

"Friji ya dawa," nilisema, nikaandika.

"Televisheni," alisema binamu. "Ndogo tu. Na deki ya video."

"Ya nani?"

"Ya mama. Atachoka peke yake."

"Mimi?" shangazi akashangaa. "Sema mikanda yako ya mpira unataka kuileta hapa mkeo asikusumbue."

"Na pasi," binamu aliendelea, kama hakusikia.

"Pasi!" nilimwambia. "Wewe binamu, ungekuwa mganga ungeua kijiji. Pasi moja inakula kuliko friji, taa na redio kwa pamoja."

Shangazi alitaka kujua inakulaje. Nikamweleza kwa njia ninayowaelezea wanafunzi wangu wa mwanzo, isipokuwa kwake nilichukua mfano wa nyumbani. Jua na upepo ni shamba. Betri ni kihenge cha nafaka. Taa, redio na friji ni midomo ya kula. Shamba likizaa kidogo, midomo inakula cha kihengeni. Kihenge kikibaki kitupu kabisa mara kwa mara, chenyewe kinaharibika, na ndivyo betri zinavyokufa.

Alichukua daftari langu, akaligeuzageuza ingawa hakujua kusoma.

"Sasa wewe baba," alisema, maana ndivyo alivyoniita kwa kuwa nimerithi jina la baba yake, "shamba hili umelipima mwezi gani?"

"Mwezi huu, shangazi. Agosti."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Agosti! Agosti hata kipofu anajua kuna upepo. Na jua ndio hilo. Umekuja kwangu nimetoka kuvuna, umekuta kihenge kimejaa, unasema hapa hakuna njaa. Mimi kihenge nakijenga kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka Februari. Februari ndiyo inaniambia kiwe kikubwa kiasi gani."

"Na Februari upepo ukoje?"

"Unakuja mbele ya mvua, unang'oa bati la mtu, unakufa. Kisha mawingu yanakaa. Siku tatu, siku nne. Nguo hazikauki."

Nililitazama daftari langu lenye alama za kunyooka kurasa nne nzima. Nilikuwa nimedhani jua na upepo hupokezana, kumbe hapa kwetu huja pamoja wakati wa kiangazi na kuondoka pamoja wakati wa mvua. Sisi tuliozaliwa na upepo huu tunaujua mpaka hatuuangalii. Mgeni pengine angeuliza.

Nikaanza upya. Katika hesabu ya mwezi mbaya niliandika upepo sifuri. Kinu cha upepo tungekisimika, maana miezi mingine kingetupa umeme usiku kucha na kuzipumzisha betri, lakini mwezi mbaya kisitegemewe. Jua nililikata kwa nusu na zaidi. Betri nilizipangia siku tatu za mawingu mfululizo. Kwa friji ndogo ya kufunguka juu, taa mbili na redio, hesabu ilikaa vizuri. Nilimsomea shangazi.

"Na maji?" aliuliza.

"Maji gani?"

"Ya futari. Mwezi wa Ramadhani siku hizi unaangukia kwenye mvua hizo hizo. Watu wakijua nina friji wataleta maji yapoe."

"Shangazi, hii ni friji ya dawa. Utawaambia hapana."

Hapo hakucheka. Aliangalia chini, akakunja ukili aliokuwa akisuka.

"Mimi sifungi tena," alisema. "Daktari amenikataza. Tangu nikiwa msichana sijaacha hata siku moja isipokuwa kwa udhuru, na sasa mwezi mzima nakula mchana kama mtoto. Mtu aliyefunga anakuja mlangoni kwangu na kidumu cha maji. Hilo nalo unataka nimnyime?"

Nilikuwa nimeorodhesha mahitaji ya nyumba kana kwamba nyumba huishia ukutani, na hakuna nyumba ya namna hiyo Ilongero.

Basi tukayahesabu maji. Vidumu vitano vya lita tatu kwa siku, tulikubaliana baada ya mabishano; yeye alitaka kumi. Nikamwonyesha kwamba kupoza maji yaliyotoka nje kunakula karibu sawa na friji yenyewe kwa siku nzima, na kwamba kidumu kikiingia asubuhi, jua linakibeba, lakini kikiingia saa kumi jioni kinabebwa na betri. Alielewa mara moja. "Waje kabla ya adhuhuri," alisema.

Ili maji yaingie, ilibidi vitu vitoke. Shangazi mwenyewe aliifuta televisheni, kwa kidole, juu ya karatasi, nami nikafuata kwa kalamu. Pasi ilishakufa. Bado paneli moja ilipungua. Binamu alikuna shingo.

"Ile televisheni nilikuwa nimeshaitafutia pesa," alisema mwishowe. "Basi nitaleta paneli."

"Mungu akuzidishie," mama yake alimwambia. "Mpira utatazama kwako."

Tulifunga mtambo Septemba, kabla joto la Oktoba halijaingia. Majirani walikuja kutazama kinu kinavyozunguka, wanawake wengi kuliko wanaume, na kwa kuwa siwezi kunyamaza mbele ya mtu anayetazama, niliwaeleza yote kama darasani: waya huu unatoka wapi, na kile kisanduku ukutani chenye taa tatu kinasemaje. Kijani, kula. Njano, punguza. Nyekundu, acha vyote ila friji ya dawa. Niliwauliza maswali, wakajibu kwa pamoja wakicheka.

Ramadhani iliingia na mvua. Siku za mwanzo jua lilichungulia kila adhuhuri na mambo yakaenda. Kisha mawingu yakakaa. Siku ya tatu nilikuwa mjini natazama juu kila baada ya nusu saa. Siku ya nne nilishindwa kufundisha. Siku ya tano asubuhi binamu akasimamisha pikapu yake mlangoni kwangu. Kwenye kiti kulikuwa na begi tupu.

"La nguo zake," alisema. "Ulipanga siku tatu, binamu. Leo ni ya tano."

Sikubishana, kwa sababu alikuwa na haki. Njiani tulikwama kwenye tope mara mbili na tukasukuma.

Shangazi tulimkuta jikoni na majirani wawili, wanachambua mchicha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mmejaa tope namna hiyo?"

Binamu, begi mkononi, alipita moja kwa moja hadi chumbani. Nikamfuata. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Swichi za taa za nyumba na ya redio zote zilikuwa zimezimwa, na chemli ilikuwa juu ya meza. Aliinua mfuniko wa friji. Ndani hamkuwa na kidumu hata kimoja, ila zile chupa ndogo za dawa na chupa za maji za shangazi mwenyewe, zilizokaa humo tangu mwanzo kutunza ubaridi. Alishika chupa ya dawa. Akanipa. Ilikuwa baridi.

"Funika hiyo!" mama yake alipiga kelele kutoka jikoni. "Unatoa ubaridi wote!"

Tuliporudi jikoni nilimuuliza shangazi aliwezaje kuwaambia watu hapana.

"Sikuweza," alisema. "Juzi nilisimama hapo mlangoni na kidumu cha watu mkononi, ulimi ukanikatalia. Huyu hapa ndiye aliyeniokoa." Akamwonyesha jirani mmoja kwa shina la mchicha.

"Mimi niliingia ndani nikaona njano," jirani alisema. "Nikachukua kidumu changu. Nikapita kwa wenzangu nikawaambia, ile taa imegeuka, asilete mtu. Maji ya mtungini tumeyanywa miaka yote, hatujafa. Dawa yake kwanza."

"Nililia," shangazi alisema.

"Alilia kweli," jirani alithibitisha. "Tukamwambia basi atupikie uji. Sasa futari ya uji inatoka hapa kila siku. Moto wa kuni hauna taa nyekundu."

Binamu alikaa kwenye kigoda. Alimuuliza mama yake kama amejichoma asubuhi, akaambiwa ndiyo. Akauliza amekula nini, akaambiwa. Mawingu yalikuwa bado yametanda, na hakuna aliyejua kama kesho yangepasuka. Nilimwambia ukweli huo. Nilimwambia pia kwamba friji yenyewe peke yake, bila maji wala taa, ingeweza kuvuta siku moja zaidi, pengine mbili.

"Kesho kutwa nitakuja kuangalia," alisema. "Jua lisipotoka, nakuja na barafu kutoka kwangu."

"Njoo na sukari ya uji pia," shangazi alimwambia. "Ya wenzangu. Na hilo begi lako lilete huku nikuwekee viazi vya watoto."