Udongo wa Ilungu la Mwisho

Nimefundisha sayansi ya metali miaka mingi, na kila nikifika kwenye somo la hewa na moto natokwa jasho. Wanafunzi hudhani ni uzee.

Likizo ile nilirudi Ufipa kutoka sekondari, kichwa kimejaa sayansi ya Waingereza. Watu walikuwa wakinunua majembe ya dukani Sumbawanga, na wayeyusha chuma wetu walikuwa wameacha kazi. Babu peke yake alijenga tena ilungu, tanuru la udongo linalomzidi mtu kimo mara mbili. Wazee wenzake walimwambia wazi: likitoa chuma, wangewasha tena mwaka ujao. Lisipotoa, basi.

Kwetu myeyushaji halali na mkewe mpaka kazi iishe, la sivyo chuma hakitoki. Babu akahamia kibandani kando ya ilungu. Moto ulipowaka vizuri, aliziba matundu mengi ya chini kwa udongo, akaacha machache tu. Hakuna mivukuto, ilungu huvuta hewa lenyewe, polepole, kwa siku kadhaa.

Siku ya tatu mchana alikwenda mtoni kuoga, akaniacha nilinde. Moshi ukapungua. Moto unakufa, nikajiambia, na mzee wa watu hajui kemia! Nikazibua tundu moja. Moto ukanguruma. Nikazibua la pili, nikafurahi kama mpumbavu. Niliposikia kikohozi chake njiani, nikafinyanga udongo mbichi nikaziba haraka. Babu alitazama matundu, akakaa chini.

Ilungu lilipobomolewa, ndani mlikuwa na takataka nyeusi tupu. Hewa ilikuwa imezidi, lakini hilo nilikuja kulielewa chuoni.

"Umelala na mkeo," mzee mmoja akamwambia mbele ya watu wote. "Mzee mzima!"

Nilirudi nyuma ya watu.

"Kosa ni langu," babu akasema.

Bibi hakwenda kisimani wiki nzima kwa aibu. Mimi nilikula ugali wake na kunyamaza, na hilo sijajisamehe.

Siku ya kuondoka nilimwamkia, "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kasome, mjukuu wangu." Akanipa kifurushi cha kitambaa. "Utafungua ukifika."

Nilikifungua bwenini. Ndani mlikuwa na kibonge cha udongo ulioungua, na juu yake alama za vidole vyangu.